Mkoba wa kutambulia meno ya visukuku: nakala ndizo kazi, vingine ni nyongeza

Mikoba ya kutambulia meno ya visukuku inayouzwa kwa waokotaji wa changarawe za mito haitofautiani sana. Ukifungua mmoja utakuta lenzi ya mkononi, kalipa ya dijitali (kifaa cha taya mbili cha kupimia urefu na upana), rula ya picha, chupa ya dawa ya kuimarisha mfupa, kadi yenye michoro, sindano ya kujaribia kwa moto, na chini kabisa sanduku la nakala za meno za resini au plasta. Kwenye picha ya tangazo lenzi na kalipa huwekwa mbele kwa kuwa zinang'aa. Nakala za meno, ambazo ndizo zinazotoa jibu, hutajwa mwisho, na mara nyingi ndizo zilizotengenezwa ovyo kuliko vyote. Kwa hiyo tathmini hii inaanza nazo, na itakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Kwanza, mkoba unatakiwa kujibu nini? Enameli, ganda gumu la nje la jino, ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake; dentini, tishu iliyo chini ya ganda hilo, karibu asilimia 70. Ndiyo maana kwenye changarawe fuvu halifiki, taya linafika limekatika mbele na nyuma, lakini gego moja limebingirika na mawe kwa maelfu ya miaka na bado linasomeka. Mto pia hauheshimu tabaka. Jino la ng'ombe aliyekufa juzijuzi na jino la farasi wa enzi ya Pleistosini, yaani enzi ya barafu, hulala kwenye fungu moja la kokoto, yote mawili yakiwa meusi kwa chuma na manganizi. Maswali ni matatu: ni mnyama gani, ni jino la sehemu gani ya kinywa, na ni la zamani kweli? Umbo la jino hujibu mawili ya kwanza. La tatu ni swali jingine, na muuzaji anayedai mkoba wake unalijibu anakudanganya.

Kosa kubwa la seti nyingi za nakala ni kwamba zinaonyesha meno mapya. Kila nakala ni jino zima, vinundu vyote vikali, mizizi yote ipo. Mto hautoi meno ya namna hiyo. Unatoa jino lililolika, lenye pembe zilizosagika, na mara nyingi nusu tu. Chukua gego la farasi. Farasi ana magego marefu sana ambayo hupanda kutoka kwenye taya polepole huku uso wake ukisagika kwa milimita 2 hadi 3 kila mwaka. Jino la farasi kijana ni nguzo ndefu ya mraba. La farasi mzee ni kipande kifupi chenye mizizi iliyofunguka, na mikunjo ya enameli ambayo ilikuwa na vipengele vingi imekuwa miviringo miwili myepesi, au imefutika kabisa. Ni mnyama yuleyule, jino lilelile. Seti yenye nakala moja ya farasi wa umri wa kati itakufanya ulitupe jino la farasi mzee ukidhani ni kitu kingine.

Kwa ng'ombe na baisani, jamaa wa ng'ombe wa porini, hali ni hiyohiyo ila kwa njia nyingine. Katikati ya sehemu mbili za gego lao, upande wa ndani kwa meno ya juu na upande wa nje kwa meno ya chini, kuna kiguzo chembamba cha enameli. Hicho ndicho alama inayotafutwa na kila mtu. Lakini kwenye jino ambalo halijalika sana kiguzo hakifiki kwenye uso wa kutafunia. Kinaonekana ubavuni tu. Jino likilika zaidi kiguzo kinatokea juu kama kipete kidogo kilichojitenga, na likilika zaidi tena kipete kinaungana na mkunjo wa jino zima. Nakala moja haiwezi kuonyesha hatua hizo tatu. Seti inayofaa ina angalau nakala mbili za ng'ombe au baisani: moja ya jino changa, moja ya jino lililolika zaidi ya nusu. Mbuzi na kondoo hawana kiguzo hicho, na kulungu wakiwa nacho huwa kifupi, karibu na shina la taji (sehemu ya jino iliyo juu ya mizizi), kwa hiyo kutojua hatua za kulika kunaweza kukupeleka kwa mnyama asiyehusika kabisa.

Jambo la pili la kukagua ni kama seti ina meno ya juu na ya chini ya mnyama mmoja. Gego la juu la farasi ni pana, karibu mraba, lina visiwa viwili vya enameli vyenye mikunjo, na upande wa ndani kuna kinundu kinachojitokeza ambacho wataalamu hukiita protokoni. Kwa jenasi Equus, yaani farasi, punda na punda milia, protokoni imeunganishwa na jino kwa shingo. Kwa hiparioni, jamaa zao wa kale wenye vidole vitatu, protokoni ni kisiwa kinachosimama peke yake. Hapo peke yake ni sababu ya kutosha ya kudai nakala ya hiparioni kwenye seti yoyote inayouzwa kwa waokotaji wa Ulimwengu wa Kale au wa Amerika Kaskazini. Gego la chini la farasi, kwa upande wake, ni jembamba na refu, halina visiwa, na upande wa ulimi kuna fundo mbili za enameli zilizokaa mgongo kwa mgongo. Mtu aliyeona la juu tu atasema haya ni ya wanyama wawili.

Tatu: meno ya utotoni. Hapa seti karibu zote zinaanguka. Gego la mwisho la chini la wanyama wenye kwato zilizogawanyika, yaani ng'ombe, kulungu, mbuzi, nguruwe, lina sehemu ya tatu mkiani. Kila kadi inasema hivyo, na kila mwokotaji akiona jino la sehemu tatu huandika "gego la mwisho". Lakini gego dogo la nne la utotoni, la chini, nalo lina sehemu tatu. Tofauti ni hii: kwenye gego la mwisho sehemu ya ziada ipo nyuma na ni ndogo kuliko nyingine, kwenye jino la utotoni sehemu tatu zinaongezeka ukubwa kuelekea nyuma, taji ni fupi, enameli ni nyembamba, na mizizi imetanuka kupisha jino la ukubwani linaloota chini yake. Ukikosea hapa unakuwa umegeuza ndama kuwa mnyama mzee wa aina ndogo, na kosa hilo limewahi kuonekana hata kwenye lebo za makusanyo yaliyopangwa vizuri.

Baada ya hapo ni suala la wanyama gani wamo. Muuzaji hupenda kuweka chonge la simba na jino la dubu kwa sababu linauza. Kiuhalisia changarawe hutoa wala majani kwa wingi, kwa hiyo seti yenye maana iwe na farasi, ng'ombe au baisani, kulungu, ngamia, nguruwe, kifaru na jamaa wa tembo kabla ya kuongeza wala nyama. Kifaru asikosekane: gego lake la juu likilika huacha matuta ya enameli yanayofanana na herufi ya Kigiriki π, na la chini huacha hilali mbili zilizofuatana. Vipande vya enameli ya kifaru ni vinene, na mara nyingi ndivyo pekee vinavyopatikana. Bila nakala watu hudhani ni kauri. Tapiri, mnyama wa kwato mwenye pua ndefu, ana matuta mawili yanayokata jino kwa upana. Slothi wakubwa wa ardhini, wanyama wa Amerika waliokwisha toweka, hawana enameli hata kidogo: meno yao ni vigingi vya dentini, na mgeni huyaacha kwenye kokoto akidhani ni mfupa uliosagika.

Kwa jamaa wa tembo, kinachopatikana mara nyingi ni bamba moja tu lililochomoka kwenye gego, bapa, lenye enameli iliyokunjamana pande zote. Seti nyingi zina nakala ya gego zima la mamothi, jamaa wa kale wa tembo, lililopunguzwa ukubwa, jambo ambalo halisaidii chochote. Nakala iliyopunguzwa ni mapambo. Kinachohitajika ni bamba moja kwa ukubwa wake halisi, na kipande cha uso wa kutafunia chenye mabamba manne au matano, ili uweze kuhesabu mabamba mangapi yanaingia ndani ya sentimita 10 na kupima unene wa enameli. Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyotenganisha mamothi wa sufu, mwenye mabamba membamba yaliyobanana, na jamaa zake wenye mabamba machache mazito. Tembo wa Afrika hutambulika kwa pete za enameli zenye umbo la uru kwenye karata. Mastodoni, jamaa mwingine wa kale wa tembo, hana mabamba kabisa. Ana vinundu vikubwa vilivyopangwa safu safu, na vikilika vinaacha duara za dentini zilizozungukwa na enameli nene.

Kuna kundi moja ambalo lisipokuwemo, usinunue: nguruwe, dubu na binadamu. Magego yao yote yana vinundu vya mviringo na taji fupi, na huchanganywa kila mara. La nguruwe limejaa vinundu vidogo kati ya vikubwa, na gego la mwisho limerefuka kwenda nyuma. La dubu lina uso mpana wenye makunyanzi madogo na vinundu vilivyoinama. La binadamu ni fupi, karibu mraba, vinundu vinne au vitano, na makunyanzi yake ni haba. Mkoba unaowekwa nakala ya gego la binadamu humwezesha mwokotaji kujua lini aache kuokota. Taya au jino linaloelekea kuwa la mtu linaachwa lilipo, linapigwa picha, na mamlaka za mahali hapo zinaarifiwa. Kwa habari hiyohiyo, nchi nyingi zinahesabu visukuku vyote kuwa mali ya umma. Kibali kinatangulia chekeche.

Sasa utengenezaji. Resini ya poliyurethani hubakiza ukubwa karibu kama wa jino halisi. Poliesta hunywea zaidi inapoganda, na kwenye jino la sentimita tano tofauti inaweza kuonekana kwenye kalipa. Plasta hutanuka kidogo, humeguka pembeni, na ikilowa inachafua vidole na kila kilichoguswa. Muuzaji makini huandika kipimo cha jino la asili chini ya kila nakala, ili mnunuzi apime mwenyewe. Asipoandika, hiyo nayo ni taarifa. Tazama pia viputo: vikitokea ndani ya mkunjo wa enameli huonekana kama kisiwa ambacho hakikuwepo. Rangi nyeusi inayong'aa inapendeza kwenye picha lakini inaficha mabonde; rangi ya kijivu isiyong'aa inasomeka vizuri zaidi chini ya taa ya pembeni. Kila nakala iandikwe juu au chini, kulia au kushoto, na jino la ngapi. "Jino la farasi" peke yake halitoshi.

Siku hizi seti nyingi ni za kuchapwa kwa mashine za 3D. Za nyuzi za plastiki zina tabaka za milimita 0.2 hivi, na mistari hiyo hufanana kabisa na mistari ya asili ya ukuaji wa enameli, kwa hiyo usizitumie kwa chochote kilicho kidogo kuliko gego la kulungu. Zilizochapwa kwa resini, tabaka za milimita 0.05, zinafaa hadi kwa meno ya mbweha na sungura. Mwenye mashine anaweza kuepuka seti ya dukani kabisa: hifadhi ya mtandaoni ya MorphoSource, ya Chuo Kikuu cha Duke, ina skani za meno na mafuvu kutoka makumbusho mengi, nyingine za kupakua moja kwa moja na nyingine kwa kuomba ruhusa. Ubaya ni kwamba itakubidi uchague mwenyewe hatua za kulika. Uzuri ni kwamba utaweza.

Mataya hayamo kwenye seti nyingi, na hilo ni pengo kubwa, maana taya lisilo na jino hata moja bado lina mengi ya kusema. Anza na pengo kati ya meno ya mbele na magego. Likiwa refu, ni mla majani. Wala nyama wana pengo fupi. Kisha tazama kifundo kinachoungana na fuvu: kwa wala nyama kiko karibu usawa wa safu ya meno, kwa wala majani kimepanda juu sana. Halafu kidevu. Farasi, nguruwe na ngamia wana nusu mbili za taya zilizoungana kuwa mfupa mmoja. Ng'ombe, kulungu na mbuzi hawana muungano huo, ndiyo maana mto unazitenganisha nusu zao bila kuvunja kitu. Ukikuta nusu ya taya iliyoachana kwa uso mkavu wenye vipele badala ya kuvunjika, farasi ameshatoka kwenye hesabu. Mwisho hesabu matundu ya mizizi: magego makubwa ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili, ya juu mitatu au zaidi. Kwa mbwa na jamaa zake tafuta tundu refu la gego kubwa la kwanza la chini, ambalo ndilo kisu cha kukatia nyama. Jino pacha lake juu si gego kubwa bali gego dogo la nne. Nakala moja ya taya la kulungu na moja la mbwa zingefaa kuliko chonge tatu za simba.

Kadi ya michoro ni ya kukagua haraka. Tafuta ng'ombe. Fomula sahihi, yaani idadi ya meno ya mbele, chonge, magego madogo na magego makubwa kwa upande mmoja wa kinywa, ni juu 0.0.3.3, chini 3.1.3.3, jumla meno 32 kwa pande zote. Kadi inayompa ng'ombe meno ya mbele ya juu haikupitiwa na mtu anayejua, na mengine yaliyomo usiyaamini.

Lenzi. Inayohitajika ni ya kukuza mara 10, ya vioo vitatu vilivyounganishwa, yenye kipenyo cha milimita 18 au 21. Umbali wake wa kufanyia kazi ni kama sentimita 2.5, unaoacha nafasi ya mwanga kuingia. Lenzi ndogo zilizoandikwa "30x" au "40x" mara nyingi hazifikii hapo, na hata zikifikia, unalazimika kuzigusisha na jino na kuziba mwanga wako mwenyewe. Jaribio ni dakika moja: tazama karatasi ya grafu. Mistari ya pembeni ikipinda au ikipata kingo za buluu na nyekundu, irudishe. Taa ya LED iliyojengwa ndani ya lenzi ni hasara hapa kwa sababu inamulika kutoka mbele na kufuta kina. Zima, tumia tochi ya pembeni kwa mlalo wa chini.

Cha kuangalia kwa lenzi ni mpaka. Jino lililovunjika lina ganda la enameli linalong'aa, lenye unene unaolingana, na chini yake dentini yenye mwonekano tofauti. Jiwe lenye umbo la jino halina mpaka huo. Lenzi pia huokoa pembe za tembo: kipande kilichokatika kwa upana huonyesha mistari inayopishana, na pembe ya kupishana kwake karibu na ukingo wa nje ni chini ya nyuzi 90 kwa mamothi na zaidi ya nyuzi 115 kwa tembo wa leo. Pima sehemu ya nje tu. Ndani zaidi nyuzi hupungua kwa wote na kipimo hakina maana.

Kalipa ya dijitali ya mkoba inaonyesha milimita 0.01, tarakimu ambayo jino la mtoni haliwezi kuitumia. Kokoto limekwisha kula zaidi ya hapo pembeni. Milimita 0.1 inatosha, na kalipa ya venia, inayosomwa kwa mistari na isiyo na betri, hudumu zaidi mahali penye maji na mchanga. Punje moja chini ya gurudumu la kidole inatosha kuharibu sufuri. Funga taya za kalipa na usome sufuri kila unapoanza. Za chuma zinakwaruza dentini laini, kwa hiyo ama nunua za plastiki ngumu au bandika utepe mwembamba kisha rekebisha sufuri upya. Kipimo chenyewe kinachukuliwa mara mbili: urefu na upana kwenye uso wa kutafunia, halafu tena sentimita moja juu ya mizizi. Meno marefu ya farasi hupungua kuelekea chini, na kulinganisha juu ya moja na chini ya jingine ndiko kunakozaa "aina mpya" kila msimu.

Chupa ya dawa ya kuimarisha ndiyo inayoweza kufanya madhara. Usinunue chupa isiyotaja jina la kemikali na kiyeyushi chake. Kinachotumiwa na makumbusho mengi ni Paraloid B-72, akriliki inayouzwa kwa vipunje na kuyeyushwa kwa asetoni. Vipunje ni bora kuliko chupa iliyochanganywa tayari, kwani asetoni huvuka hata kifuniko kikifungwa na baada ya muda hujui umebaki na asilimia ngapi. Kwa kuimarisha, gramu 5 katika mililita 100 za asetoni; kwa dentini iliyovimba na kuwa unga, hadi gramu 10. Funga vipunje kwenye kifuko cha shashi, kining'inize ndani ya mtungi wa kioo, uache usiku mmoja. Ukivimwaga tu chini vitaganda kuwa donge. Mtungi uwe wa kioo na kifuniko cha poliethilini, maana asetoni huyeyusha plastiki nyingi laini. Fanya kazi nje au dirisha wazi, mbali na moto.

Jino lenye unyevu likitiwa mchanganyiko huo hugeuka jeupe kama limepakwa chokaa. Si ukungu, ni akriliki iliyoganda ikikutana na maji. Kwa hiyo kukausha kunatangulia, na kukausha ndiko kunakoua meno mengi kuliko kitu kingine chochote. Dentini hunywea ikikauka, enameli hainywei, na ganda hupasuka na kuruka vipande. Magego ya tembo huachana bamba kwa bamba. Jino likitoka majini lifungwe kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko uachwe wazi kidogo zaidi kila baada ya siku chache, kivulini, kwa wiki kadhaa; kwa gego la tembo ni miezi. Jua na kikausha nywele ni marufuku. Likishakauka, tumbukiza hadi viputo viishe, toa, acha lichuruzike kwenye wavu. Uso ukibaki na mng'ao, futa kwa pamba yenye asetoni tupu. Gundi ya papo hapo inayowekwa kwenye baadhi ya mikoba badala ya Paraloid haitoki kirahisi na huziba nyufa zikiwa hazijakaa sawa. Kumbuka pia kwamba B-72 hulainika kwenye joto la nyuzi 40 hivi: jino lililoungwa likiachwa ndani ya gari juani litajipinda kwenye maungio. Na kama kuna uwezekano wa kupimwa umri kwa radiokaboni au protini za kale, acha kipande kisichoguswa na dawa yoyote, kwenye karatasi ya alumini.

Rula ya picha haina ubaya, mradi iwe na mistari ya milimita na isiwe ya kung'aa. Iweke usawa wa uso wa kutafunia, si mezani chini ya jino. Ikiwa chini, vipimo vyote kwenye picha vitadanganya. Kamera ya simu ikiwa karibu hutanua kilicho mbele, kwa hiyo rudi nyuma nusu mita na kuza mara 2. Picha nne zinatosha: uso wa kutafunia, upande wa shavu, upande wa ulimi, mizizi. Picha ya upande mmoja pekee hairuhusu mtu yeyote akusaidie, hata bingwa.

Baadhi ya wauzaji huongeza programu ya simu ya kutambua kutoka kwenye picha. Kazi yake inaishia kwenye umbo la nje. Kwenye jino zima la mla nyama hubahatisha vizuri. Kwenye gego la farasi lililosagika inarudisha jina la mnyama kwa uhakika uleule inaoutumia ikikosea. Itumie kupata majina mawili ya kwenda kulinganisha na nakala, basi.

Kinachokosekana kwenye kila mkoba ni chekeche. Wavu wa milimita 6 unaotumiwa na wengi unaruhusu meno yote ya panya kupita, na magego yao ya milimita 1 hadi 3 ndiyo yanayosema zaidi kuhusu hali ya hewa na umri wa changarawe. Ongeza wavu wa milimita 3, na chini yake wa milimita 1 au 0.5, wa chuma kisichoshika kutu. Kausha masalio, yapepete chini ya lenzi kwa kijiko kimoja kimoja.

Sindano ya moto itoe mkobani na uitumie kushonea. Wazo ni kwamba mfupa mpya ukichomwa unanuka nywele zilizoungua kwa sababu ya kolajeni, protini ya mfupa, na kisukuku hakinuki. Lakini meno ya Pleistosini yaliyokaa kwenye udongo wa baridi au uliojaa maji hubaki na kolajeni, mfupa mpya uliooshwa sana na mto unaweza kuipoteza, na mfupa wowote uliotiwa dawa unanuka plastiki. Unabaki na tundu jeusi kwenye dentini na jibu lisilotegemeka. Rangi nayo haipimi umri. Uzito na mlio wa kioo jino likigongwa polepole kwa jingine vinaelekeza kidogo, na orodha ya wanyama waliowahi kuishi kwenye bonde hilo inaelekeza zaidi: slothi mkubwa au mamothi hahitaji sindano. Ng'ombe ndiye mwenye utata, na kwa ng'ombe lebo ya kweli ni "ng'ombe au baisani, umri haujulikani", pamoja na mahali lilipookotwa na tarehe, kwa penseli, kwenye karatasi iliyomo ndani ya kifuko na si juu ya kifuko.